Kwenda Nyumbani Desemba Bila Kurudi Umevurugwa: Mwongozo Kamili

Kila wiki ya kwanza ya Januari napokea simu za aina moja. "Dada, nilikwenda kupumzika, nimerudi nimechoka kuliko nilivyoondoka." Mwingine katukanana na kaka yake mbele ya mama. Mwingine anatafuta wa kumkopesha ada, na wiki mbili tu nyuma alikuwa ananunulia kijiji kizima soda.

Wote hawa walikuwa wamejiapiza kwamba mwaka huu hawatakasirika. Wanashindwa kwa kosa lilelile: wanautafuta utulivu tarehe 25, wakati mambo yanayouvunja yalishapangwa tangu mwanzoni mwa mwezi. Ukishafika sebuleni kwa mama huna pesa, hujalala, na umewaahidi watu wanne vitu vinne, hakuna pumzi itakayokuokoa. Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu inafanyika kabla hujapanda basi.

Mifano yangu ni ya Kilimanjaro kwa kuwa ndiko ninakokwenda. Naishi Dar es Salaam, nimezaliwa Marangu, nimeolewa Rombo. Kama kwenu ni Songea au Singida, toa ndizi weka ugali. Mengine utayakuta yaleyale.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Usitumie simu kwa hili. Ukiifungua simu kuandika, utajikuta kwenye grupu la ukoo.
- Bahasha nne za kaki, au sehemu nne tofauti za kuweka pesa.
- Saa ya mkononi ya bei yoyote. Kazi yake ni kukuwezesha kujua saa bila kushika simu.
- Viatu vya kutembelea kwenye tope. Mvua za vuli zinaweza kuwa bado zinanyesha, na njia za mgombani huteleza.
- Sweta. Mtu aliyezoea joto la Dar akikosa usingizi kwa baridi siku tatu, hasira zake zipo karibu.
- Dawa zako za kila siku, za kutosha safari nzima na siku tano za ziada.
- Mtu mmoja wa nje ya ukoo ambaye amekubali umpigie ukizidiwa. Mwombe ruhusa mapema.

## Hatua ya 1: Andika kilichokuvuruga mwaka jana

Ifanye wiki ya mwisho ya Novemba, au leo kama umechelewa. Kaa nusu saa, andika mambo matatu yaliyokuharibia sikukuu iliyopita. Matatu tu. Andika tukio lenyewe, usiandike tabia ya mtu.

"Kaka ana dharau" haikusaidii kitu. Andika: "Tarehe 26, saa mbili usiku, tukiwa tumekunywa, kaka aliuliza nani alilipia paa la nyumba ya mama, mimi nikajibu kwa sauti." Hapo sasa unaona kuna saa, kuna pombe, kuna pesa na kuna swali. Vitu hivyo unaweza kuvishughulikia. Kaka yako huwezi kumbadilisha kwa wiki tatu.

Mwaka niliofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza niligundua jambo la aibu kidogo. Matukio yangu yote matatu yalitokea nikiwa na njaa. Nilikuwa nawapakulia watu tangu asubuhi, mwenyewe sijatia kitu mdomoni.

Umefanikiwa ikiwa mtu mwingine akisoma sentensi zako ataweza kuona tukio kama lilivyotokea, bila kujua unamchukia nani.

## Hatua ya 2: Iweke Januari pembeni kabla ya kuigusa Desemba

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo iliyobeba mzigo wote.

Mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka mapema. Ukiupokea tarehe 20, na wa Januari ukatoka tarehe 25, hizo ni siku 36. Mwezi mmoja umegeuka kuwa mwezi na wiki, na katikati yake kuna nauli, mbuzi, sadaka, sare za shule na ada. Watu husema Januari ni ndefu kana kwamba ni kosa la kalenda.

Anza kuhesabu kutoka nyuma. Chukua mfano huu, kisha weka namba zako. Mama mwenye mume na mtoto mmoja mkubwa ana 900,000 za mshahara na 250,000 za kwenye kibubu. Jumla 1,150,000.

Bahasha ya kwanza ni ya Januari: ada, vifaa vya shule, chakula na nauli ya kwenda kazini. Anaitia 580,000, anaifunga kwa gundi. Haibebi kwenda nyumbani. Inabaki benki au kwa mtu ambaye hatoi pesa kirahisi.

Bahasha ya pili ni ya nauli, kwenda na kurudi, 240,000. Sisitiza hapo kwenye kurudi. Kila mwaka kuna mtu anapiga simu kutoka kijijini akiomba atumiwe nauli ya kurejea kazini, na ana kreti mbili za bia zimebaki.

Bahasha ya tatu ni ya zawadi na michango, 180,000. Ya nne ni ya kula na dharura njiani, 150,000.

Sababu ya kutumia bahasha, hata kama pesa zako zote ziko kwenye simu, ni kwamba macho huielewa bahasha inayopungua. Salio la kwenye simu ni namba tu. Unaiona usiku, asubuhi umeisahau. Ukipenda simu, tumia laini mbili: moja ya Januari, nyingine ya sikukuu, na ya Januari iache Dar.

Onyo: usikope ili uonekane umefanikiwa. Mikopo ya haraka ya kwenye simu, na ile ya mtaani tunayoiita kausha damu, inakupa raha ya siku tatu na simu za vitisho mwezi mzima. Na usimhukumu mwenzako aliyekuja na gari. Hujui ni la nani.

Unajua umefaulu pale mtu akikuomba pesa, mkono ukienda bahasha ya tatu ukaikuta tupu, na unaweza kusema "mwaka huu sina tena" ukiwa unasema kweli. Ukweli haukufanyi utoke jasho. Uongo ndio unaochosha.

## Hatua ya 3: Toa taarifa mapema, kwa mdomo

Ugomvi mwingi wa sikukuu ni matarajio ambayo hayakusemwa. Mama alidhani utakaa siku kumi, wewe una ruhusa ya siku tano. Kaka alidhani mbuzi ni wako. Mkwe alidhani mtaanzia kwake.

Piga simu wiki mbili kabla. Wazee wapigie, usiwatumie ujumbe. Sema mambo manne: siku ya kufika, siku ya kuondoka, mtalala wapi, utachangia nini. Mimi husema hivi:

"Mama, shikamoo. Tutafika tarehe 23 jioni, tutaondoka tarehe 29 asubuhi. Krismasi tutakuwa Rombo, tarehe 27 tunakuja kwako tunalala. Kwenye mbuzi nitatoa elfu sitini, na mchele nitakuja nao mimi."

Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa visingizio. Mama atanung'unika kidogo, na ana haki. Bora anung'unike kwa simu tarehe 10 kuliko mbele ya wageni tarehe 25.

Kwa walioolewa: swali la "tunaanzia kwa nani" lijibiwe chumbani kwenu, Dar, likiwa limejibiwa kwa miaka miwili kwa mpigo. Sisi mwaka mmoja Krismasi ni Rombo na siku za mwisho Marangu, mwaka unaofuata tunageuza. Kutoka Marangu Mtoni hadi Mkuu, Rombo, siyo safari ya kusimulia, lakini niamini, watu wameachana wamenuniana kwa umbali huohuo.

Onyo moja: usitangaze ratiba kwenye grupu la ukoo kabla hujaongea na mama. Akizisikia habari zako kutoka kwa shemeji yako, umeshaanza vibaya.

## Hatua ya 4: Safiri kama mtu anayetaka kufika na akili zake

Kata tiketi mapema, ofisini kwa kampuni au kwenye mfumo wao, na hakikisha jina lako na namba ya kiti vimeandikwa. Pale Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, wiki ya Krismasi ni bahari ya watu, na mpiga debe anayekushika begi hana basi. Nauli za juu hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Ukitozwa zaidi, dai risiti, piga picha, peleka malalamiko. Usigombane mlangoni. Utachelewa, na utapanda ukiwa umeshachemka.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua tiketi kwa mtu wa kando ya barabara. Nikakuta kiti changu kina mwenyewe. Nilikaa juu ya dumu la mafuta ya kula hadi Korogwe, nikafika nyumbani nimenuna, na mama akadhani nimemnunia yeye. Siku mbili nzima tulizipoteza kwa dumu la mtu.

Usipande basi la kukufikisha kijijini mkesha wa tarehe 24 usiku kama unaweza kuepuka. Fika tarehe 23 au kabla. Mwili unahitaji usiku mmoja wa kulala kabla ya kelele.

Wenye gari: ni zaidi ya kilomita 500 hadi Moshi, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo. Simama kila baada ya saa mbili, shuka, nyoosha miguu. Kwenye vibao vya 50 nenda 50. Trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo, na watoto wanaovuka nao wapo. Usingizi ukikushika, muziki wa sauti ya juu haukuondolei. Egesha mahali penye watu, lala dakika ishirini.

### Zoezi la kufanya ukiwa njiani

Safari ndefu ni mahali pazuri pa kujifunza pumzi, kwa sababu hakuna anayekuomba kitu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne. Itoe polepole ukihesabu hadi sita. Rudia mara kumi. Kama kichwa kinakuwa chepesi, unavuta kwa nguvu mno; punguza.

Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hushuka, na mwili hupata habari kwamba hakuna hatari. Lakini mwili hauwezi kujifunza kitu kipya katikati ya ugomvi. Fanya Segera ili uweze kuifanya mbele ya baba mkubwa.

## Hatua ya 5: Saa ya kwanza nyumbani

Weka begi chini. Salimia wakubwa mmojammoja, shikamoo yako iwe ya kusimama, siyo ya kupita. Nawa, kunywa chai, au kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kama unatumia. Kisha, kama kwenu ni kama kwetu, nenda mgombani ukasimame kwenye makaburi ya babu na bibi.

Katika saa hiyo usijibu swali lolote la pesa, kiwanja wala ndoa. Sema: "Ngoja nipumue kwanza, tupo." Ni neno la adabu na hakuna atakayelikataa.

Mizigo usiigawe usiku huohuo. Ukigawa ukiwa umechoka utampa mtu kitenge cha mwingine, na kesi hiyo itadumu hadi Pasaka.

## Hatua ya 6: Majibu ya maswali yanayouma

Unayajua yatakayoulizwa. Yaandike, na kila moja liandikie jibu la sentensi mbili: ya kwanza fupi na ya kweli, ya pili inamgeuzia aliyeuliza jambo lake. Kisha yaseme kwa sauti ukiwa peke yako, hadi yatoke bila kukwama.

"Mwanangu, huyu mtoto wa pili tutamwona lini?"

"Shangazi, akija wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Hebu niambie, lile goti lako linaendeleaje?"

Shangazi ana goti, ana mtu wa kumsikiliza kuhusu goti, na mtoto wa pili ametoka mezani. Siyo ujanja mbaya. Nusu ya maswali haya huulizwa na watu ambao hawajui njia nyingine ya kuanza maongezi na mtu wanayemwona mara moja kwa mwaka.

Kijana asiye na kazi:

"Vipi huko mjini, unafanya shughuli gani siku hizi?"

"Bado nahangaika, baba mdogo. Ukisikia mahali, nishike mkono."

Hapa wengi hudanganya, wanataja ofisi isiyokuwepo, kisha wanakaa siku tano wakiogopa kuulizwa zaidi. Ukisema kweli umemkabidhi baba mdogo kazi ya kufanya.

"Umenenepa!" lina utata wake. Mdomoni mwa bibi ni sifa, maana yake unakula vizuri. Mdomoni mwa binamu mliyesoma naye, huenda siyo. Jibu ni lilelile kwa wote: "Aika." Ni asante kwa Kichaga, na unaendelea kula.

Kuna maswali yanayozidi mipaka, kwa mfano kwa mtu aliyepoteza mimba au aliyetengana na mwenzake. Huwajibiki kutabasamu. Sema taratibu, "Hilo linaniuma, naomba tuliache," kisha inuka ukachukue maji. Kama unajua swali hilo lazima litakuja, mwombe dada au mama mdogo mmoja awaambie wengine mapema wasiliguse.

Umefanikiwa ikiwa umeulizwa mara tano na hukulala ukijibu upya kichwani.

## Hatua ya 7: Nusu saa ya kila siku ambayo ni yako

Wanaofundisha utulivu husema uwe na akili pale mwili ulipo. Watu wakisikia hivyo hudhani lazima wakunje miguu, wafumbe macho chumbani, na nyumba yenye watu ishirini na vyumba vitatu haina chumba hicho. Huhitaji. Chagua kazi moja ya mikono, ifanye peke yake, bila simu na bila maongezi.

Yangu ni kumenya ndizi.

Mama hutoa mkungu wa ndizi mshare asubuhi, kwa ajili ya machalari, ndizi za kupika na nyama. Napaka mikono mafuta kidogo ya kula, kwa sababu utomvu wa ndizi mbichi ukikauka vidoleni unakuwa mweusi na hautoki kwa sabuni. Naweka beseni la maji miguuni. Nakata ncha mbili za ndizi, napasua ganda kwa urefu, naingiza kidole gumba chini ya ganda nalisukuma. Ganda likiachia linatoa mlio mdogo, kama karatasi inayochanika mbali. Ndizi naitumbukiza kwenye maji upesi isigeuke rangi.

Akili itatoroka. Itakwenda kwenye bahasha ya tatu, kwa mkwe, kwa bosi. Hilo siyo kosa. Ukigundua imetoroka, irudishe kwenye kisu: kiko wapi, kinakata nini, ganda lina ubaridi gani. Kwenye mkungu mmoja utairudisha mara hamsini. Huko kurudisha ndiko zoezi lenyewe, na ndiyo maana usikate tamaa ukiona inatoroka sana.

Onyo la kweli: kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu na kinateleza.

Wasiopenda jikoni wanaweza kutoka alfajiri. Mlima huonekana vizuri asubuhi na mapema, vilele vyake Kibo na Mawenzi vikiwa wazi, kabla mawingu hayajaufunika. Tembea hadi mfereji na kurudi. Hesabu hatua, sikiliza maji. Kutwanga, kufagia uwanja, kukata majani ya ng'ombe, vyote vinafaa.

Wanaume, nasema nanyi kidogo. Mkisema sikukuu inawatuliza na dada zenu hawajakaa tangu saa kumi na moja alfajiri, huo utulivu mnautoa migongoni mwao. Osheni sufuria. Maji ya vuguvugu, majivu au sabuni, dakika thelathini. Ni zoezi zuri kuliko lolote nililolitaja.

## Hatua ya 8: Pombe, kikao, na kihamba

Tarehe 26 watu wote wapo, kwa hiyo vikao vya ukoo huwekwa siku hiyo. Na tarehe 26 watu wote wana mbege tumboni tangu mchana. Halafu mtu anafungua maongezi ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Unategemea nini?

Fanya haya kwa mpangilio:

1. Omba mapema, kupitia kwa mzee mmoja anayesikilizwa, kikao kianze saa tatu asubuhi kabla ya pombe. Sema sababu ni barabara na mvua kama unaona aibu kusema sababu halisi.
2. Ajenda ziwe mbili au tatu, na mtu mmoja aandike. Kinachoandikwa hakirudiwi kwa kelele.
3. Kula kabla. Mtori, supu nzito ya ndizi, ni mzuri kwa kazi hii.
4. Weka kikomo chako cha vinywaji asubuhi, ukiwa mzima, mwambie mtu mmoja. Kikomo kinachowekwa saa moja usiku ni utani. Pombe inaleta usingizi haraka, halafu inaukatakata usiku wa manane, na kesho yake uvumilivu wako ni nusu.
5. Mtu akikuchokoza, shika kitu kwa mikono miwili, kikombe au ukingo wa kiti. Toa pumzi moja ndefu kabla ya kujibu. Ukiona bado sauti inapanda, sema "naomba dakika mbili" na utoke nje. Kutoka siyo kushindwa.
6. Likizungumzwa jambo la ardhi au mirathi usiku watu wakiwa wamekunywa, usikubali wala usikatae. "Tuliandike, tulijadili asubuhi."

Na mkishagombana? Uchagani tuna isale, jani lilelile tunalopanda mipakani na makaburini. Mkosaji akipeleka isale kuomba radhi, kulikataa ni jambo zito. Sisemi utembee na jani mfukoni. Nasema usiondoke tarehe 29 mmenuniana kwa kusubiri mwenzako aanze. Nenda kwake asubuhi, peke yako, sema kosa lako moja bila kutaja lake.

Kama nyumbani kuna anayepiga au anayewashika watoto vibaya, hapo mazoezi ya pumzi hayahusiki. Ondoka na watoto, nenda dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Kwa mambo ya watoto kuna namba 116, ya bure.

## Hatua ya 9: Kama sikukuu hii kuna pengo

Krismasi ya kwanza bila baba watu hujifanya hawaoni kiti chake. Wakikwepa jina lake kutwa nzima, jioni wamechoka kama waliobeba mawe. Litajeni. Mtu mmoja asimulie kisa chake kimoja, cha kuchekesha kama kipo, kabla ya kula. Wengine watalia kidogo, kisha wataweza kumeza.

Wewe uliyebaki Dar kwa zamu, nesi, mlinzi, dereva: usile sikukuu kwenye picha za wenzako. Panga chakula na mtu mmoja, piga simu nyumbani mara moja, halafu zima data.

Na kama wiki mbili zimepita hulali, huli, huoni maana, au unawaza kujidhuru, hiyo siyo tena habari ya sikukuu. Mwambie mtu leo na nenda hospitali. Ugonjwa huo unatibika.

## Hatua ya 10: Kurudi

Rudi siku mbili kabla ya kazi, siyo usiku wa kuamkia. Mabasi ya kurudi hujaa kama ya kwenda. Ukifika, fua, lala, fungua bahasha ya Januari. Ikiwa bado ina gundi yake, umeshinda, hata kama shangazi alikuuliza mara tisa.

Tarehe 12 Januari ni siku ya Mapinduzi, hakuna kazi. Chukua daftari, andika mambo matatu yaliyokuvuruga safari hii, kama ulivyofanya kwenye hatua ya kwanza. Kumbukumbu ikiwa bado mbichi huongopi.

Orodha yangu ya mwaka huu ina mstari mmoja tu: nunua kisu kipya, cha mama kimekwisha makali.